Meza ya Risasi Ilivyonivua Nguo Mbele ya Kamati

Leo nimeaibika. Mbele ya kamati, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Nawaandikia nikiwa bado na hasira, kwa hivyo asiyependa maneno ya mtu aliyekasirika aruke, aende asome ya waliotuma picha za keki.

Kwa wageni wa kundi hili: naitwa Nabwire. Nakaa Bunyala, upande wa mashamba ya mpunga, si mbali sana na Port Victoria. Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule kidato cha pili nikarudi kushika jembe. Nyuma yangu wako wawili. Taaka yuko kidato cha tatu na ana mdomo. Okumu yuko gredi ya saba na ana uvivu. Mama alituachia nyumba na kipande kimoja cha mpunga. Hicho kipande ndicho kinatulisha na ndicho kinawasomesha hao wawili. Hatuna kingine.

Sasa niwaeleze kazi yetu ya msimu huu, ili mkicheka mcheke mkielewa.

Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanakuja. Wale wadogo wenye midomo myekundu. Wanakuja kama wingu lenye njaa, na wakitua dakika tano wanakuachia majani ya kuangalia. Kwa hivyo kila mwenye shamba anapanda dungu, yaani lile jukwaa la miti lililosimama kando ya mpunga, anawinga ndege kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Silaha yetu ni kombeo: kamba mbili na kipande cha ngozi katikati. Risasi zetu ni za udongo. Unaviringa tonge ukubwa wa ndimu, unakausha, unatupa. Mawe yalipigwa marufuku na kamati ya mfereji, maana jiwe linabaki kwenye tope, linakata miguu ya wapanda mpunga na kuvunja vyuma vya trekta. Udongo ukianguka majini unayeyuka, hakuna kesi.

Hiyo kamati ya mfereji ina sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Shamba lisilolindwa ni hatari kwa wote. Ndege wakishiba kwako leo, kesho wanakuja na mashemeji zao kwa jirani. Kwa hivyo kila msimu kamati inapita kukagua. Kuna mtu kwenye dungu? Ana mkono wa kombeo? Ana debe zima la risasi zilizokauka? Ukishindwa, shamba lako anapewa mtu mwingine alilinde, na huyo anayelinda ndiye anavuna.

Kwetu sisi, huyo mtu mwingine ana jina. Ni Baba Mdogo Pius, ndugu ya marehemu baba, ambaye shamba lake limepakana na letu. Ndiye alienda kwa kamati akasema, "Wale ni watoto. Nabwire ni msichana, kombeo litamtoa bega. Nipeni mimi niwalindie." Atulindie. Mtu ambaye tangu tumzike mama hajatulindia hata kuku.

Basi jana tukapata habari kwamba kamati inakuja leo saa tatu asubuhi. Nikaenda kuangalia debe letu. Lilikuwa nusu.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa shambani wote watatu. Taaka nikamweka juu ya dungu avute kamba ya mikebe. Mimi na Okumu tukaingia kwenye meza ya risasi.

Meza ya risasi ni mlango wa zamani wa nyumba ya mama. Tumeulaza juu ya mitungi miwili ya plastiki ya lita ishirini, mmoja huku na mwingine kule, chini ya kibanda cha bati kando ya mfereji. Mitungi tuliijaza maji ili iwe mizito, meza isiyumbe. (Hilo wazo lilikuwa langu. Nilijisifu nalo msimu mzima.) Juu ya mlango tunaweka udongo wa kichuguu, maana ndio unaoshikana, na jivu la makapi ya mpunga la kupaka mikono ili tonge lisigande. Kazi yenyewe mtoto wa chekechea anaiweza. Risasi ikikauka kivulini siku mbili inakuwa ngumu kama mfupa.

Siku mbili hatukuwa nazo. Tulikuwa na saa nne.

"Hii imekauka?" nikamwuliza Okumu, nikishika risasi moja aliyoviringa jana jioni.

"Imekauka."

"Una hakika?"

"Dada, mimi ndiye niliitengeneza."

Nikaitia kwenye kombeo niijaribu. Nikazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu risasi ikapasukia ndani ya ngozi na tope lote likarudi usoni kwangu. Jicho, pua, kinywa. Ilikuwa imekauka nje tu, ndani bado uji. Okumu hakucheka. Alinitazama akarudi hatua mbili, kwa sababu ananijua.

Hapo ndipo hasira ilianza. Si kwa Okumu. Kwa saa. Kwa kamati. Kwa mtu anayekunywa chai kwake akingoja tushindwe.

Nikaamua kukausha kwa moto. Tulikuwa na lundo la makapi yanafuka pale kando, tunayoyachoma tupate jivu. Nikachukua risasi mbichi kama thelathini nikazizika kwenye makaa. Mama hakuwahi kufanya hivyo. Nikajiambia mama hakuwahi kuwa na haraka.

Zilikaa kimya kama dakika kumi. Halafu moja ikasema pwa. Nyingine ikasema pwa. Halafu zote zikaanza kusema. Maji yaliyokuwa ndani yalitafuta njia ya kutoka, na njia ilikuwa ni kupasua risasi yenyewe. Vipande vya udongo moto vikaruka vikigonga bati la kibanda. Okumu akaingia chini ya meza. Mimi nikalala kifudifudi kwenye tuta nimefunika kichwa, na Taaka kule juu ya dungu anapiga kelele, "Nabwire, nani anatupiga?"

Kulipotulia nikainua kichwa. Mbele yangu palikuwa na gambuti mbili. Juu ya gambuti alikuwa Baba Mdogo Pius, mikono nyuma, anakwenda kuangalia mpunga wake.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema. "Naona unapika bisi."

Nikapukuta udongo kwenye nywele.

"Wageni wakija usisahau chumvi."

Akaenda zake anapiga mluzi. Nikatafuta risasi ya kumtupia mgongoni. Hakukuwa na hata moja nzima.

Saa mbili kasoro tukawa tumerudi kwenye debe letu la nusu. Zilizokuwa zimekauka kabisa nikazipanga upande mmoja wa meza nizihesabu kwa macho. Kidogo kidogo nikaona tunaweza kupona, kwa sababu Okumu alikumbuka kwamba kuna risasi za msimu uliopita kwenye gunia nyumbani. Nikamtuma. Akaleta. Ngumu, kavu, rangi ya kijivu. Tukazimimina mezani tuchambue zilizovunjika. Nilikuwa nimeanza hata kupumua.

Ndipo Taaka akashuka dunguni na sufuria.

"Ni nini hiyo?"

"Simsim. Nilisaga jana na njugu na sukari. Nataka kuviringa za wageni."

"Viringia nyumbani."

"Nyumbani nani atalinda ndege? Si umesema tusitoke? Na wageni watakuja wakae tu, wanatuangalia mdomo?"

Hapo alinishika. Kwetu mgeni hapiti mlangoni bila kutia kitu kinywani, hata kama amekuja kukunyang'anya shamba. Hasa kama amekuja kukunyang'anya shamba.

"Sawa," nikasema. "Lakini kaa mwisho wa meza kule. Hii ni meza ya risasi. Chakula kisivuke katikati."

"Nani atachanganya simsim na udongo?" Taaka akasema. "Kwani sisi ni vipofu?"

Okumu akapanda dungu. Taaka akaanza kuviringa mwisho wa meza. Ana mkono mzuri. Tonge zake zilitoka sawasawa, mviringo, ukubwa wa ndimu, rangi ya kijivu ya simsim iliyosagwa na ganda lake. Nilizitazama nikazisifu moyoni. (Sikuona chochote. Kipofu hasa angeona.)

Maji ya kukandia udongo yakaniishia. Nikamwita Okumu ashuke akateke maji mferejini tukande za mwisho. Nikainama kuchochea makapi. Nyuma yangu nikasikia maji yanamiminika kwenye beseni, nikafurahi kwamba leo amekimbia. Mfereji uko hatua thelathini. Hakukimbia. Hakuenda kabisa. Alifungua kifuniko cha mtungi uliokuwa chini ya meza akauinamisha pale pale, na alipomaliza akausukuma nyuma kwa mguu. Mtungi wa lita ishirini ukiwa mtupu hauna uzito wa kushikilia hata kikapu.

Mlango ulishuka upande mmoja kama mtu anayesinzia kanisani. Polepole. Nilipogeuka niliona risasi zangu zote zinateremka kuelekea kwa Taaka, na simsim za Taaka zinangoja. Zikakutana. Zikashuka pamoja, zikibiringika, mpaka kwenye rundo la jivu. Jivu likaruka juu, likatulia, likafunika kila kitu.

Tukasimama watatu tunaangalia chini. Zilikuwa kama mia hivi. Zote ukubwa mmoja, zote kijivu, zote zimepakwa unga mmoja.

"Okumu," nikasema.

"Dada, sikujua."

"Maji yako wapi?"

"Kwenye beseni."

"Na mtungi ulikuwa unafanya nini hapo chini?"

Akafikiri. "Kumbe ulikuwa mguu," akasema.

Taaka akakaa chini akaanza kucheka mpaka machozi, kisha machozi yakageuka kuwa kilio cha kweli, maana ile simsim alikuwa amepata kwa kufulia mtu wiki nzima. Na mimi, ambaye ningemfariji, nilikuwa nimejaa hasira. Nikasema, "Inuka. Tuchambue."

Haya, mchambue ninyi. Ukibonyeza kwa ukucha, simsim inaingia, lakini risasi mbichi kidogo nayo inaingia. Ukinusa, jivu linakuingia puani unapiga chafya, na baada ya chafya tatu kila kitu kinanuka jivu. Kuosha haiwezekani, zote mbili zinayeyuka. Mwishowe Okumu ndiye aligundua njia. Alilamba.

"Hii udongo," akasema, akaitupa debeni. "Hii simsim. Hii udongo. Hii... ngoja." Akalamba tena. "Hii udongo wenye sukari."

Tulikuwa hivyo, watu watatu wa ukoo unaoheshimika tumechutama kwenye jivu tunalamba risasi, niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu kwa adabu.

Kamati ilikuwa imefika. Na ilikuwa imefika mapema.

Ilikuwa ya watu wawili. Mzee Makokha, mwenyekiti, kofia kichwani na mwavuli kwapani. Na Mama Brayan, katibu, mjamzito wa miezi saba, na daftari. Nyuma yao, bila kualikwa na mtu, Baba Mdogo Pius.

"Hamjambo," Mzee Makokha akasema. Akatutazama midomo, nyeupe kwa jivu. "Ni dawa?"

"Hatujambo, mzee," nikasema. "Karibuni. Tulikuwa tunapanga."

Taaka, ambaye ni mwepesi kuliko mimi, alikwisha kuokota kumi zilizopimwa kwa ulimi akazigaragaza kwenye sukari iliyobaki kuficha jivu, akaziweka kwenye sahani. Akapiga goti akawakaribisha. Nikamtazama kwa jicho la kumwuliza una hakika. Akanijibu kwa jicho kwamba hana.

Mzee Makokha akachukua moja. Akauma. Nikafunga macho.

"Simsim nzuri," akasema. "Ya Uganda hii."

Nikafungua macho. Mama Brayan alikuwa ameshauma yake. Kulisikika sauti. Si sauti ya simsim. Ilikuwa sauti ya mtu anayekanyaga kigae. Akaacha kutafuna. Nami nikaacha kuishi. Baba Mdogo akasogea karibu, maana mtu wa namna hiyo ana pua ya matatizo ya wengine.

Mama Brayan akatafuna tena, polepole. Akameza. Akatazama kipande kilichobaki mkononi.

"Nani ametengeneza hii?" akauliza.

"Mimi," Okumu akaita kutoka juu ya dungu alikokuwa amekimbilia. Kwa fahari. Sijui nilimkosea nini Mungu.

"Udongo umetoa wapi?"

"Kichuguu cha nyuma ya nyumba."

"Ni mtamu," Mama Brayan akasema. "Ile ya wajawazito ninanunua sokoni Busia ina mchanga." Akachukua mbili nyingine kwenye sahani, akazigonga kwa kucha, akasikiliza, akazitia kwenye mkoba. Aliweza kuchagua kwa sikio. Sisi tulikuwa tumelamba asubuhi nzima.

Mzee Makokha hakuwa amefuata mazungumzo. Alichukua ya pili, akauma kwa meno yote aliyobakiwa nayo, akasimama na mdomo umejaa. Akatoa kitambaa, akatema.

"Mama Brayan," akasema, "huu ni udongo."

"Najua, mzee."

Baba Mdogo alikuwa ameuma kidole asicheke. Nikaeleza. Nilieleza mtungi, mlango, jivu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Mzee Makokha alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa ulimi, akasema kwa upole, "Hawa ni watoto, Pius. Ulisema kweli."

Afadhali angenitukana. Huo upole ndio ulinichoma. Nikaona daftari linafunguliwa, nikaona kalamu ya Mama Brayan inatafuta mstari wa jina letu.

"Mzee," nikasema, "risasi zipo debeni. Dungu lina mtu. Limebaki moja. Nipe nafasi unione mkono."

"Mpe nafasi," Baba Mdogo akasema. "Tuone huo mkono."

Na ndege, kana kwamba wameitwa, wakatokea. Wingu lilipanda kutoka kwenye matete ya mtoni, likainama, likaja moja kwa moja kwetu. Nikapanda dungu. Nikachukua risasi debeni, ya juu kabisa, nikaitia kwenye ngozi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuangusha ndege ya abiria. Nikazungusha mara tatu kombeo linalia juu ya kichwa changu, nikaachia.

Ilikuwa simsim.

Haikwenda mbali. Ilipasukia hewani, pale juu, ikamwagika kama mvua ya harusi. Nyingine ikaanguka kwenye kofia ya Mzee Makokha. Nyingine ikaanguka kwenye mpunga wangu. Lile wingu, ambalo nadhani lilikuwa linataka kupita, lilisita. Likageuka. Likashuka.

Nikachukua nyingine haraka. Haraka ileile ya asubuhi, ambayo sijajifunza chochote kwayo. Nikazungusha, nikaachia. Simsim tena. Nilikuwa nimewapa ndege chai na sasa nawaongezea kikombe.

"Nabwire," Baba Mdogo akaita kutoka kwenye tuta, "wape na maji ya kunawa."

Hapo ndipo aliachia kicheko. Alicheka ameshika magoti. Watu wa mashamba ya ng'ambo ya mfereji waliacha kazi wakasimama kwenye madungu yao kuangalia mwanamke anayeita ndege kwa chakula. Mzee Makokha alikuwa anapukuta kofia. Taaka alikuwa amefunika uso kwa sahani. Na mpunga wa mama yangu ulikuwa mweusi kwa ndege, unainama kwa uzito wao, nasikia wanatafuna.

Ile sauti ndiyo ilinirudisha. Niliacha kujali nani ananiangalia. Nikachukua risasi ya tatu, nikaitia kinywani, nikaiuma mbele ya kamati, mbele ya ng'ambo yote. Ilikuwa chungu, ngumu, imejaa jivu. Jino likalia. Nikatema kipande, nikaitia iliyobaki kwenye ngozi, nikazungusha.

Kombeo likitoka vizuri linapiga kama mjeledi. Hilo lilipiga nikasikia mwangwi ng'ambo. Risasi ikapita chini juu ya masuke, ikachana lile wingu katikati. Ndege wote wakainuka kwa pamoja. Nikauma nyingine, nikatupa. Nyingine, nikatupa. Okumu naye akaanza kwa manati, Taaka akavuta mikebe. Wingu likazunguka mara moja juu yetu, likaona hapa hapakaliki. Likasogea kidogo tu. Likavuka tuta.

Likatua kwa Baba Mdogo Pius.

Dungu lake lilikuwa tupu. Mwenye dungu alikuwa amesimama kwenye shamba langu, mdomo bado wazi.

"Pius," Mzee Makokha akasema, "nani yuko kwako?"

"Nimetoka dakika moja tu, mzee."

"Umekuwa hapa tangu tufike."

Baba Mdogo alikwisha kuanza kukimbia kwenye tuta anapunga shati. Gambuti moja ilikwama kwenye tope akaiacha. Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka, na nilikuwa na haki.

Nikashuka. Midomo yangu ilikuwa na tope, ulimi unavuja damu kidogo. Nikamwambia mwenyekiti, "Mzee, andika ulichoona. Andika nimewatupia ndege simsim, ni kweli. Andika ulikula udongo kwangu, ni kweli, nisamehe. Lakini andika pia kwamba mimi si mtoto. Tumefika hapa saa kumi na moja na shamba halijaachwa peke yake. Ukitaka kunipokonya hili shamba, usiseme ni kwa sababu ya kunihurumia."

Mzee alivaa kofia yake tena. Halafu akamgeukia katibu.

"Andika," akasema. "Walinzi watatu, wapo. Risasi zipo. Mkono upo. Shamba libaki kwa wenyewe." Akafikiri. Akapitisha ulimi kwenye meno. "Andika chini yake: risasi zitengwe na chakula."

Mama Brayan akaandika yote, hata hiyo ya mwisho. Sasa iko kwenye daftari la kamati, na daftari hilo linasomwa kwa sauti mbele ya wakulima wote kila mkutano. Mpaka saa saba mchana habari ilikuwa imefika mbali kule Matayos. Nimepigiwa simu na mtu niliyesoma naye darasa la tano. Hakutaka kujua kama mimi ni mzima. Aliuliza kama ndege walishiba.

Basi ndiyo hiyo. Shamba limebaki letu, jino limelegea, na nina hasira na kila aliyeona. Anayetaka kucheka acheke usiku huu amalize kabisa, kwa sababu kesho alfajiri nitakuwa juu ya dungu, na sasa hivi hakuna risasi hata moja inayotoka kwenye debe langu kabla sijaiuma.